Uchambuzi wa kisa: peroksidi iliyosomeka kwenye mashine lakini haikuwa kwenye chupa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea katika maabara ya kemia ya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Majina ya chuo, watu, hospitali na mfadhili yameondolewa, na mwaka pia. Niliitwa kazi ikiwa katikati, kama mshauri kutoka nje. Takwimu za maabara hiyo sikuzinukuu. Nimebakiza uwiano wake tu, na hesabu zilizomo humu ni za mfano ambazo msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi.

Usuli

Peroksidi ya hidrojeni wengi tunaifahamu kama ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, ambayo dukani huuzwa ikiwa ya asilimia 3. Mfaransa Louis Jacques Thénard aliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1818. Leo husafishia maji, hung'arishia karatasi na nguo, na huua vijidudu kwenye vifaa vya tiba. Karibu yote inayotumika duniani hutoka kwenye mchakato mmoja, ule wa antrakwinoni, uliokuzwa Ujerumani na kampuni ya BASF kuanzia miaka ya 1930. Antrakwinoni, kampaundi ya kikaboni, hupewa hidrojeni juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha) cha metali ya paladi, kisha hupulizwa hewa. Oksijeni ya hewa huchukua hidrojeni ile na kuwa peroksidi. Mchakato huu unahitaji kiwanda kikubwa na hidrojeni, ambayo kwa kawaida hutokana na gesi asilia. Peroksidi hukolezwa hata kufikia asilimia 70 ili isafirishwe kwa urahisi wa bei, na ikikolea hivyo ni mzigo wa hatari barabarani na baharini.

Hapo ndipo wazo la kichocheo cha mwanga lilipowavutia wenzetu hawa. Jua tunalo, hewa ipo, maji yapo. Kwa nini hospitali ya wilaya isitengeneze peroksidi yake palepale?

Nadharia yenyewe si ngumu. Kichocheo ni unga usioyeyuka kwenye maji. Mwanga wenye nishati ya kutosha ukiupiga, elektroni huruka kutoka ngazi ya chini hadi ya juu na kuacha tundu nyuma yake. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ikipokea elektroni mbili na protoni mbili, inakuwa peroksidi. Ikipokea elektroni nne, inaishia kuwa maji ya kawaida na kazi yote inapotea. Tundu nalo ni lazima lijazwe na elektroni kutoka mahali pengine, la sivyo elektroni iliyoruka itarudi ilikotoka na nishati ya mwanga itaishia kuwa joto.

Jambo hili si jipya. Emil Baur na mwenzake Neuweiler waliripoti huko Zürich mwaka 1927 kwamba oksidi ya zinki ikiangaziwa ndani ya maji yenye hewa hutoa peroksidi. Mwaka 1988 Kormann, Bahnemann na Hoffmann walionyesha kwamba hata mchanga wa jangwani unaweza kufanya hivyo. Kilichoamsha upya hamu ya watafiti ni kaboni nitridi, unga wa njano usio na metali, ambao kundi la Yasuhiro Shiraishi la Osaka lilionyesha mwaka 2014 kwamba hutoa peroksidi kwa mwanga unaoonekana, katika maji yaliyochanganywa na pombe.

Mpango wao, na kwa nini waliupanga hivyo

Kiongozi wa kundi alichagua kaboni nitridi kwa sababu nzuri. Hutengenezwa kwa kuchoma urea katika chungu cha kauri chenye kifuniko, kwa nyuzi 550 hivi. Urea ni rahisi kupatikana. Unga unaopatikana ni kidogo ukilinganisha na urea iliyochomwa, na gesi ya amonia hutoka kwa wingi, lakini tanuri lilikuwa chini ya dohani na hilo halikuwa tatizo. Pengo la nishati la unga huu ni elektroni-volti 2.7 hivi, maana yake hunywa mwanga hadi rangi ya buluu, kwenye nanomita 460. Titani dioksidi, ambayo maabara ilikuwa nayo tayari, hunywa urujuanimno tu, na urujuanimno ni sehemu ndogo sana ya jua linalotufikia.

Waliamua pia kuongeza ethanoli kwenye maji ili ijaze matundu. Maji peke yake hutoa elektroni kwa shida, ethanoli huzitoa kwa urahisi. Oksijeni safi kutoka kwenye mtungi ilipulizwa ndani ya mchanganyiko, kwa kuwa maji ya nyuzi 25 yaliyo kwenye hewa ya kawaida hubeba miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na oksijeni safi huongeza kiasi hicho karibu mara tano.

Mwanzoni walitumia taa ya halojeni. Oksijeni safi, mvuke wa ethanoli na taa yenye moto ni mkusanyiko ambao haufai kuachwa mezani hata kwa dakika moja, na nilipofika jambo la kwanza nililoomba ni taa ile iondolewe. Waliweka taa za LED za buluu. Lingine lolote lingeweza kusubiri.

Kupima peroksidi walichagua njia ya iodidi. Sampuli huchujwa kuondoa unga, kisha huongezewa potasiamu iodidi katika asidi kidogo pamoja na molibdati ya kuharakisha. Peroksidi hugeuza iodidi kuwa iodini, maji yanakuwa ya njano, na spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaonywewa na sampuli, husoma unjano huo karibu na nanomita 350. Njia hii ni nyepesi, kemikali zake ni za bei ndogo, na inahisi hata kiasi kidogo sana. Mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na kazi hii alikuwa makini, mwandishi mzuri wa daftari, na daftari hilo ndilo lililokuja kuwaokoa.

Yaliyotokea

Matokeo ya mwanzo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Grafu ilipanda kwa mstari ulionyooka tangu sifuri. Uzalishaji, ukihesabiwa kwa gramu ya kichocheo kwa saa, ulikaribia namba zinazoripotiwa na maabara kubwa zenye vichocheo vya gharama. Kiongozi aliandaa muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa kisayansi, na hospitali moja ya wilaya ikaanza kuzungumziwa kama mahali pa jaribio.

Msimamizi wa maabara, mama aliyefanya kazi pale tangu kabla ya wanafunzi wengi kuzaliwa, ndiye aliyesimamisha mambo. Alikuwa akikusanya vioo vya kuosha jioni, akaona safu ya chupa ndogo karibu na dirisha. Chupa ya kwanza, iliyochukuliwa kabla taa haijawashwa, ilikuwa na unjano.

"Mwanangu, hii ya saa sifuri mbona ina rangi?"

"Hiyo hatuipimi, mama. Inajulikana ni sifuri."

"Inajulikana na nani?"

Mwanafunzi aliipima. Haikuwa sifuri, wala haikukaribia. Katika grafu zote zilizotangulia, nukta ya kwanza ilikuwa imewekwa kwenye sifuri bila kusomwa, kwa imani kwamba gizani hakuna kinachotokea.

Usiku uleule alimwandikia kiongozi wake, na siku chache baadaye nikaitwa.

Maamuzi baada ya hapo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko yote: kuuondoa muhtasari kabla tarehe ya mwisho haijafika, wakati bado haijajulikana kosa ni kubwa kiasi gani. Wapo waliosema upelekwe kisha urekebishwe baadaye. Kiongozi alikataa. Alisema namba ikishatoka nje ya maabara hairudi. Nilimuunga mkono, na bado naona huo ndio uamuzi uliostahili heshima kubwa katika kisa chote.

Kisha tukapanga majaribio ya ulinganisho ambayo yangetakiwa kufanywa tangu mwanzo. La kwanza lilikuwa na kichocheo na oksijeni lakini gizani. La pili lilikuwa na mwanga na oksijeni bila kichocheo. La tatu lilikuwa na kila kitu, ila naitrojeni ikipulizwa badala ya oksijeni. Kama peroksidi kweli inatokana na oksijeni, hapa isingepaswa kuonekana. La nne lilikuwa la kutia katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni kuwa maji na oksijeni, ndani ya sampuli iliyokwisha kuangaziwa. Unjano unaobaki baada ya katalasi kumaliza kazi yake hautokani na peroksidi ya hidrojeni. La tano lilikuwa la kuweka peroksidi ya dukani, ya kiasi kinachojulikana, pamoja na kichocheo chini ya taa bila oksijeni, ili ionekane inapotea kwa kasi gani.

Tulikubaliana pia kwamba kila sampuli ipimwe kwa njia mbili zisizofanana. Ya pili tuliyoichagua ni ya titani oksisulfeti ndani ya asidi ya sulfuri, ambayo hutoa rangi ya njano inayosomwa karibu na nanomita 408. Haihisi kiasi kidogo kama iodidi inavyohisi, lakini haidanganywi kirahisi.

Matokeo

Baada ya marekebisho, kilichobaki kilikuwa chini ya nusu ya namba za mwanzo. Ethanoli ilipoondolewa, ikabaki sehemu ndogo tu ya hiyo nusu. Naitrojeni ilipochukua nafasi ya oksijeni, usomaji ulishuka karibu hadi usomaji wa maji matupu, na hiyo ilikuwa habari njema: peroksidi iliyobaki ilikuwa ya kweli na ilitokana na oksijeni. Mwanafunzi aliandika tasnifu yake kwa namba zilizosahihishwa, akaweka sura nzima kuhusu kipimo, akahitimu. Hospitali iliambiwa wazi kwamba jaribio halitafanyika.

Uchambuzi

*Unjano ulitoka wapi*

Iodidi ndani ya asidi huoksidishwa na hewa yenyewe, polepole, na mwanga huharakisha. Chupa zilikaa dirishani. Sampuli za rejea, zile za kiasi kinachojulikana zilizotumika kuchora mstari wa vipimo, zilisomwa mara tu baada ya kuchanganywa, lakini sampuli za jaribio zilisomwa jioni zote kwa pamoja. Mstari ulioamua kila namba ulichorwa katika hali moja, sampuli zikapimwa katika hali nyingine.

Chanzo cha pili kilikuwa ndani ya chupa. Unga wa kaboni nitridi una chembe laini mno, na kichujio walichotumia kiliachia baadhi zipite. Kichocheo cha mwanga kilichosalia kwenye maji yenye iodidi, karibu na dirisha, kinaendelea na kazi yake: mashimo yake, yaani yale matundu yanayoachwa na elektroni, huchukua elektroni kutoka kwa iodidi bila kuhitaji peroksidi yoyote. Kubadili kichujio kuwa cha mikromita 0.22 na kuweka chupa kwenye kisanduku cheusi kulifuta sehemu kubwa ya kosa.

Katalasi ilifichua chanzo cha tatu, kidogo zaidi. Sehemu fulani ya unjano ilibaki hata baada yake. Ethanoli ikioksidishwa mbele ya oksijeni inaweza kuzaa peroksidi za kikaboni, na hizo pia hugeuza iodidi kuwa iodini. Watafiti wale wa 1988 walizitaja peroksidi hizo za kikaboni pamoja na ile ya hidrojeni. Kwa hiyo anayetumia pombe na iodidi pamoja bila katalasi anapima vitu viwili na kuviandika kwa jina la kimoja.

*Pombe inalipa gharama yote*

Hili ndilo ninalotaka lisomwe kwa utulivu. Kugeuza maji na oksijeni kuwa peroksidi kunahitaji kusukumiwa nishati, kilojuli 117 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli) ya peroksidi. Mwanga ukifanya kazi hiyo, umehifadhi nishati ya jua ndani ya kemikali, na hapo ndipo penye thamani. Ethanoli ikiingia, hesabu inageuka. Ethanoli na oksijeni kuwa asetaldehaidi na peroksidi ni mmenyuko unaoshuka wenyewe. Mwanga unaufungulia njia tu. Kwa kila molekuli ya peroksidi, molekuli moja ya ethanoli inaondoka, na asetaldehaidi inabaki kwenye maji ambayo yalikusudiwa kuoshea vidonda.

Lita moja ya maji yenye ethanoli asilimia 10 ina gramu 79 hivi za ethanoli, yaani moli 1.7. Kundi lilikuwa likipata peroksidi ya kiwango cha milimoli. Na ethanoli yenyewe, ikikolezwa, ni kiua vijidudu ambacho hospitali zetu hutumia kila siku. Kuichoma ili kupata kiasi kidogo cha kiua vijidudu kingine ni hasara, hata taa iwe ya bure. Kwa mtafiti anayetaka kujua elektroni zinakwenda wapi, ethanoli ni chombo halali kabisa. Kwa anayeahidi hospitali kitu, maji matupu ndiyo mtihani.

*Kwa gramu kwa saa*

Namba iliyowasisimua ilikuwa mikromoli kwa gramu kwa saa. Chukua mfano wa kichocheo cha mikromoli 1,000 kwa gramu kwa saa, inayosikika kubwa. Weka miligramu 10 ndani ya mililita 50. Kwa saa moja unapata mikromoli 10, sawa na milimoli 0.2 kwa lita, sawa na miligramu 6.8 kwa lita. Peroksidi ya asilimia 3 ina milimoli 880 hivi kwa lita. Kwa mwendo huo, mwanga usiokatika na peroksidi isiyopotea hata tone, ungehitaji saa 4,400. Hiyo ni nusu mwaka bila usiku.

Tena, mwanga ukishanyweka wote, kuongeza unga hakuongezi kitu, na kupunguza unga kunapandisha namba ya kwa gramu ilhali chupa ina kilekile. Maabara inaweza kuipandisha namba hiyo kwa mizani tu. Niliwaomba waandike daima vitu vitatu pamoja: kiasi kilichokusanyika kwenye lita, muda, na mwanga ulioingia. Kwa namba hizo mtu anaweza kukokotoa ni fotoni ngapi, yaani chembe za mwanga, zilifanya kazi, na hapo vichocheo viwili vinaweza kulinganishwa kwa haki.

*Peroksidi huvunjika inapozaliwa*

Mstari ulionyooka wa mwanzo ulikuwa wa saa chache za kwanza, na kundi lilikuwa limeuongeza kwa rula hadi siku nzima. Walipoacha taa iwake mfululizo, mstari ulipinda na kulala. Uzalishaji huenda kwa kasi moja, lakini uvunjikaji hukua kadiri peroksidi inavyokuwa nyingi. Hufika mahali viwili hivi vinalingana na hakuna kinachoongezeka. Elektroni za kichocheo huivunja peroksidi kama zinavyoitengeneza, na urujuanimno huikata katikati. Jaribio la tano, lile la peroksidi ya dukani, lilionyesha pia kwamba vioo vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba, yanayotoka kisima chenye chuma, viliipoteza haraka kuliko vilivyosuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa. Chuma kidogo tu kinatosha. Hili halikuandikwa kwenye mpango wowote, na limekuwa sehemu ya taratibu za maabara ile sasa.

*Watu*

Kilichofanya kazi vizuri ni daftari na uhuru wa kusema. Mwanafunzi alikuwa ameandika saa ya kuchukua kila sampuli na saa ya kuisoma, hivyo tuliweza kufuatilia jinsi unjano ulivyokua kadiri chupa zilivyosubiri. Bila saa hizo mbili, tungebaki kukisia. Na msimamizi wa maabara hakuwa kwenye orodha ya waandishi wa utafiti, wala hakuulizwa maoni. Aliuliza swali kwa sababu pale hakuna aliyewahi kumkemea kwa kuuliza. Jina lake liliwekwa kwenye tasnifu, na lilistahili.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa kazi. Majaribio ya ulinganisho yaliwekwa mwishoni, "baada ya kupata matokeo", kwa hofu ya kumaliza oksijeni ya mtungi. Mtungi ulikuwa ghali kweli. Lakini majaribio ya gizani na ya bila kichocheo yangeweza kufanywa kwa hewa ya kawaida, bila senti ya ziada, na yangefichua unjano wa saa sifuri mwanzoni kabisa.

Walikoelekea

Kundi limeacha ethanoli. Sasa wanajaribu resini ya risosinoli na formaldehaidi, ambayo kundi lilelile la Osaka lilionyesha mwaka 2019 kwamba hutengeneza peroksidi kwa maji na oksijeni tu, ikigeuza asilimia 0.5 hivi ya nishati ya jua kuwa nishati ya kemikali. Ni kidogo, ila ni hatua ya kweli, kwa sababu hakuna pombe inayolipia.

Wameacha pia ndoto ya dawa ya vidonda na kutafuta kazi inayotosheka na miligramu kwa lita. Wanaangalia maji machafu ya karakana za batiki: peroksidi kidogo pamoja na chuma, mmenyuko ambao Henry Fenton aliueleza mwaka 1894, unaweza kuvunja rangi za nguo palepale peroksidi inapozaliwa, bila kuihifadhi wala kuikoleza. Chuma kilekile kilichowaharibia vioo kinakuwa sehemu ya kazi. Kikwazo ni kwamba mmenyuko huo huenda vizuri zaidi karibu na pH 3, yaani kwenye maji yenye asidi, na maji ya batiki hutoka na soda nyingi, ambayo ni kinyume cha asidi. Asidi ya kuyashusha inabidi inunuliwe, na bei ya asidi hiyo kwa kila pipa la maji ndiyo hesabu iliyo mezani kwao sasa, kabla ya taa yoyote kuwashwa.